Chewa wa Kwenye Tishari

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Rotia alichota ndoo mbili za maji kisimani, akakuna nazi ya kumlisha nguruwe, akafagia changarawe mbele ya nyumba. Kisha alichukua mshipi wake uliozungushwa kwenye chupa na kwenda kumwomba mama ruhusa. Hakupenda mpira wala karata. Alipenda jambo moja tu: kusimama juu ya mwamba, maji yakiwa magotini, na kusikia samaki akigusa chambo huko chini asikoonekana.

"Nenda, lakini usipitilize," mama yake, Akenete, alimwambia. "Na ukileta kitu nitakuuliza umekitoa wapi."

"Najua, mama."

Kule Nonouti, kisiwa walichotoka, hakuna aliyeuliza swali hilo. Samaki akiletwa, watu waliuliza ni mkubwa kiasi gani, wakacheka, wakawasha moto. Lakini hapa Kiritimati kila mtu aliuliza umemtoa wapi kabla hata hajamtazama samaki mwenyewe. Ilikuwa miezi minne sasa tangu meli iwashushe: Rotia, baba, mama, Bibi, mabunda matatu ya mikeka, na nguruwe aliyetapika safari nzima. Baba alipata kazi kwenye mashamba ya nazi upande wa pili wa kisiwa, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Wanawake watatu walibaki kijijini na upepo.

Kule Nonouti, Rotia aliujua mwamba kama mtu anavyojua meno yake. Hapa alikuwa mgeni, na watoto wa kijiji hawakumruhusu asahau. Wiki ya kwanza, Kabure, mtoto wa jirani, alimwonyesha tundu akamwambia limejaa pweza. Rotia akaingiza mkono, akautoa umevimba kwa matumbawe yanayowasha. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Kwa hiyo Kabure alipomwita asubuhi ile kutoka juu ya ukuta wa mawe, Rotia hakugeuka.

"We mtu wa Nonouti! Usiende kuvua kwenye tishari!"

Tishari lilikuwa chombo kikuukuu cha chuma cha kubebea mizigo, kilichokwama kwenye mlango wa mwamba tangu kabla hawajazaliwa. Kutu yake ilitia maji wekundu.

"Kuna nini huko?" Rotia aliuliza. "Pweza?"

"Sikutanii leo. Samaki wa pale anauma akishafika tumboni."

"Anauma kwa meno gani, naye ameshapikwa?"

"Haya, cheka. Kamuulize mama yangu."

"Nilishakuuliza wewe habari za pweza. Inatosha!"

Rotia alivua saa nzima karibu na nyumbani, asipate hata samaki wa kumpa paka. Akamkumbuka Bibi. Bibi alikuwa anashinda kwenye ulingo wa nyumba akisuka mkeka wa majani ya mkadi, vidole vikienda vyenyewe bila kutazamwa, na kila mlo ulipofika aliusukuma kando. "Meno yangu yamebaki manne," alisema jana yake, "na yote manne yamechoka na nyama ya kopo. Nitazikwa huku ugenini bila kuonja kichwa cha chewa." Alisema kwa mzaha, lakini mzaha huo ulimkaa Rotia moyoni.

Akatazama nyuma. Hakuna aliyekuwa anamwona. Akakunja mshipi, akatembea mpaka kwenye tishari.

Alitupa chambo mara moja tu. Mshipi ulikazika ukamkata kidole, na Rotia akarudi nyuma hatua kwa hatua, akivuta, akiachia, akivuta tena, mpaka alipomburuta juu ya jiwe chewa mwekundu mwenye madoa, mrefu kama mkono wake. Tangu wahamie hapa hakuwahi kushika kitu kama hicho. Alisimama akihema na kucheka peke yake. Waje sasa wamwite mtu wa Nonouti!

Mama alipomwona samaki alipiga vigelegele. Kisha uso wake ukatulia.

"Umemtoa wapi?"

"Upande wa bahari kuu," Rotia alijibu. "Pale penye mnazi ulioanguka."

"Una hakika?"

"Mama! Nimemvua mimi mwenyewe."

Uongo ule ulitoka laini, wala haukumkwaruza ulimi. Mama akachukua kisu. Matumbo aliyatupia paka nyuma ya nyumba. Kichwa, kama ilivyo desturi, kilikuwa cha mkubwa. Kikawekwa chunguni pamoja na ini, kwa ajili ya Bibi.

Kabla chungu hakijachemka, Nei Teewa, yaani Bi Teewa, mama yake Kabure, alikuja akijishika kiuno. Alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Akenete, dada yangu, nimekuja kwa bubuti," alisema. "Huyu aliyemo tumboni amenikalia kama askari, anataka chewa, hataki kingine. Nipe nusu."

Kwao bubuti si ombi la kukubali au kukataa. Jirani akikuomba kwa neno hilo, unatoa. Anayekataa hujitwika aibu ambayo wajukuu wake wataikuta. Mama alicheka, akakata nusu iliyo nene.

"Chukua, na mtoto akizaliwa umpe jina langu."

"Asante. Nitampika jioni, mume wangu akirudi. Lakini hujaniambia, ametoka wapi?"

"Bahari kuu. Rotia huyo hapo, mwulize."

Wote wawili wakamtazama. Rotia aliinama kuukunja mshipi wake. Akisema kweli, atakuwa mwongo mbele ya jirani, na nyumba yao itakuwa imekataa bubuti ya mama mjamzito. Na pengine Kabure alikuwa anamtania tu.

"Bahari kuu, Nei Teewa," alisema.

Watu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Rotia alimtazama mwenyeji akiondoka na kile kipande kimefungwa kwenye jani, naye hakumwita arudi.

Bibi alikula kichwa chote. Alinyonya mifupa, akalamba vidole, akaimba kidogo. Mama alikula wali na tui, akaacha mchuzi na nyama iliyobaki kwa ajili ya jioni. Rotia alisema ameshiba nazi.

Saa tisa alasiri Bibi aliweka mkeka chini.

"Midomo yangu inatambaliwa na sisimizi," alisema. "Hebu niangalieni."

Hapakuwa na sisimizi. Muda si muda akaanza kutapika, kisha tumbo likamwendesha, kisha miguu ikakataa kumbeba. Mama alimletea maji ya kisimani kwenye kata. Bibi aliyagusa kwa midomo, akapiga kelele, kata ikaanguka.

"Unaniunguza! Akenete, kwa nini unanipa maji ya moto?"

"Ni ya baridi, mama yangu. Yametoka kisimani sasa hivi."

"Yanaunguza!" Bibi alilia kama mtoto.

Rotia hakuwahi kumwona Bibi akilia, hata siku walipoondoka Nonouti na kuyaacha makaburi ya wazee wao. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Angekuwa amekula samaki mbaya ningejua la kufanya," alisema. "Lakini huyu ametoka bahari kuu. Pengine ni jua. Hana nguvu, hajala vizuri kwa miezi. Rotia, pasha ule mchuzi wa kichwa tumpe anywe, apate nguvu."

Rotia alikwenda jikoni. Nyuma ya nyumba alimwona paka. Alikuwa anajaribu kutembea, na miguu ya nyuma ilimfuata kama kamba. Akaanguka kando ya ukuta wa mawe, mdomo wazi, asiinuke tena.

Mama alikuwa amekuja jikoni mwenyewe. Alikuwa ameshachota mchuzi, anaupuliza.

"Mama, usimpe!"

"Nini tena?"

"Usimpe! Ametoka kwenye tishari. Nilikudanganya. Chewa ametoka kwenye tishari."

Mama aligeuka ghafla. Mchuzi ulimmwagikia mkononi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na Teewa?"

Rotia alikuwa ameshaanza kukimbia.

Nyumbani kwa Nei Teewa moshi ulikuwa umekwisha. Mume alikuwa amerudi mapema, na wageni wawili wa ukoo wake walikuwa wameketi kwenye mkeka. Sahani zilikuwa zimepakuliwa, na mzee mmoja alikuwa ameinamisha kichwa, anashukuru kwa sala. Nei Teewa alikuwa ameshika kipande chake, anamngoja amalize.

"Msile!" Rotia alipiga kelele. "Msimle huyo samaki!"

Mume wa Nei Teewa alikunja uso. "Binti, unajua unachofanya? Kilichotolewa kwa bubuti hakirudishwi. Ametumwa na nani huyu?"

"Labda wamejuta kutoa nusu kubwa," mgeni mmoja alisema, na mwenzake akacheka.

Aibu ilimpanda Rotia usoni kama moto. Angeweza kusema paka amemgusa samaki, au mama ameona nyama imeharibika. Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, laini kama ule wa kwanza. Akautazama mkono wa Nei Teewa, na tumbo lile lililokuwa chini ya mkono.

"Ametoka kwenye tishari," alisema. "Kabure alinikataza, nikaenda. Mama hajui, nilimdanganya. Nilikudanganya na wewe. Bibi ni mgonjwa na paka amekufa."

Hakuna aliyecheka tena. Nei Teewa aliachia kile kipande kama kaa la moto, akajishika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Nani amekula?" mume wake aliuliza, akiwatazama mmoja mmoja. "Nani ametia kitu mdomoni?"

Kabure alikuwa ameinama. "Mimi," alisema. "Nilionja mama alipokwenda kisimani. Vipande viwili."

Gari la mizigo la kijiji liliwapeleka zahanati, Bibi na Kabure wakiwa wamelazwa nyuma ubavu kwa ubavu. Muuguzi, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, aliuliza swali moja tu, "Samaki wa wapi?" Mama akamsukuma Rotia mbele, naye akajibu mwenyewe. Muuguzi akaanza kazi bila kupapasa. Aliwatundikia maji ya mshipa, akawaambia ukweli: dawa ya kuiua sumu ile hana, na wala kuchemsha, kukaanga au kutia chumvi hakuiondoi. Samaki huonekana mzuri, hunukia vizuri, na ndani amebeba kifo.

"Mngemwongezea huyu mama mchuzi ule," alisema, "msingenikuta na la kufanya."

Kabure alilala pale siku tatu. Bibi alilala siku kumi na moja, na siku ya nne moyo wake ulipiga polepole mno hata mama akamtuma mtu kwenda kumwita baba mashambani. Nei Teewa hakupata madhara, lakini kwa wiki mbili alipita mbele ya nyumba yao bila kusalimu. Baba alipofika hakumpiga Rotia. Alimshika mkono, akampeleka kwenye nyumba ya mikutano, na pale, mbele ya kijiji kizima kilichoketi ukoo kwa ukoo, Rotia alisema alichofanya tangu mwanzo mpaka mwisho. Alipomaliza, Nei Teewa ndiye wa kwanza kusogea na kumpa nafasi ya kuketi.

Bibi alirudi nyumbani, lakini mikono yake haikurudi kama ilivyokuwa. Vidole vilimchoma kama vimejaa sindano, na maji baridi aliyaogopa. Mkeka ulibaki nusu kwenye ulingo. Jioni moja Rotia alikaa karibu naye, akachukua jani la mkadi, akalishikilia mahali Bibi alipomwonyesha kwa kidevu.

"Si hivyo. Pitisha chini," Bibi alisema.

Rotia alipitisha chini. Machozi yalidondokea jani.

"Bibi, nilitaka ule kichwa cha chewa."

"Najua. Nami nilikila, na kilikuwa kitamu." Bibi alimsogezea jani lingine kwa kiwiko. "Nisikilize, mjukuu wangu. Kosa la kutojua bahari ya wageni, kila mhamiaji hulifanya. Ungelisema asubuhi ile, tungemtupa samaki, tukala nyama ya kopo, na mimi ningelalamika mpaka usiku. Sumu ya samaki niliimeza mara moja. Uongo wako ndio uliotaka kuninywesha mara ya pili, kwa mkono wa mama yako anayenipenda, na kuibeba mpaka nyumba ya jirani. Mtu akikuuliza samaki umemtoa wapi, anashika uhai wake mkononi anakupa wewe. Usiuchezee."

"Sitauchezea, Bibi."

"Vua. Nani amekukataza kuvua? Lakini nenda na yule kijana anayejua mwamba wake, na ukirudi, sema kweli hata ukiwa mikono mitupu."

Jumamosi iliyofuata Kabure, akiwa bado amekonda, alimngoja juu ya ukuta wa mawe. Walivua pamoja upande wa bahari kuu, penye mnazi ulioanguka, wakapata samaki wanne wadogo kama viganja.

"Umewatoa wapi?" mama aliuliza mlangoni.

Rotia alimwambia. Mama alimtazama machoni kwa muda mrefu, kisha akachukua kisu.