Hodi Isiyo na Jina

Hodi ilitokea kwenye skrini ya Mwanne saa nne asubuhi, na chini yake hapakuwa na jina.

Kwa siku tatu kaka yake Ilias, fundi wa kompyuta, alikuwa akiziunganisha kompyuta tano za ofisi ya dada yake, mtaani Gihosha. Mwaka ule wa 2003 mabomu yalikuwa yakirushwa kutoka milimani, na patron, mwenye ofisi, alitaka aweze kuziendesha zote akiwa amejificha chumba cha chini. Kompyuta ikiitwa kutoka huko, kwanza iliuliza: Hodi? Likafuata jina la anayebisha, kisha vitufe viwili, Karibu na Ngoja. Maneno hayo Ilias aliyaweka kwa mzaha, na ofisi nzima ikacheka.

Mwanne akabonyeza Karibu. Ndiyo, bila jina! Lakini nani aliyelelewa mtaa wa Waswahili wa Bwiza akapigiwa hodi, akaanza kuuliza maswali?

Mshale ukaanza kutembea kwenye skrini. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani.

"Kaka, ni we unaendesha kompyuta yangu?"

Ilias alikuwa nyuma yake, waya mkononi. "Apana. Mi niko hapa. Na kule chini hakuna mutu."

Mshale ukasogea kulia. Mkono wa Mwanne nao ukasogea kulia. Akataka kuurudisha, ukakataa, na vidole vyake mwenyewe, alivyovipaka hina juzi tu, vikatambaa juu ya meza, vikapita karatasi, vikapita kikombe cha chai, vikaukamata mkasi, na kabla hajapata sauti ya kumwonya mtu, mkono ulikwisha kuuburuta mwili wake hadi kwenye meza ya Candide, mchapaji mwenzake, ukamchoma begani, ukauchomoa mkasi, ukamchoma tena, damu ikirukia herufi za kibodi, na Mwanne akilia, "Nisamehe, Candide, si mi, si mi!"

Ilias aling'oa waya wa mtandao. Akazima umeme wa ofisi nzima. Skrini ya Mwanne peke yake ikabaki inawaka.

Candide akatambaa hadi nje. Mkono ukaugeuza mkasi, ukauelekeza kwenye shingo ya Mwanne.

Massoudi, zamu aliyelinda geti, ambaye mtaani kwao Jabe huitwa kuwasomea watu wenye majini, aliingia akisoma Ayatul Kursi. Mkono ukasimama. Kisha koo la Mwanne likatoa sauti nzito isiyo yake.

"Nilibisha. Nikakaribishwa."

"Toka!" Massoudi akasema.

"Nitatoka. Lakini mgeni husindikizwa."

"Ilias, usimujibu," Massoudi alinong'ona. "Ukimusindikiza huyu, haurudi."

Ncha ya mkasi ikatoboa ngozi. Damu ikamtiririka Mwanne hadi kifuani. Alimkataza kaka yake kwa macho, maana macho tu ndiyo yaliyokuwa bado yake.

"Mwache dada yangu," Ilias akasema. "Mi nitakusindikiza."

Mkasi ukaanguka. Ilias akatoka taratibu, mkono wake wa kulia umenyooka mbele kama anavutwa. Massoudi alimkimbilia. Alichokuta getini ni viatu viwili, vinafuka moshi.

Candide alipona. Mwanne alirudi kazini baada ya mwezi mmoja. Watu walisema ni shida za vita zilizomrudisha. Yeye hakumwambia mtu sababu yenyewe. Kila siku saa nne asubuhi skrini yake hupiga hodi, na sasa jina lipo: Ilias. Chini ya jina huja maneno. Mwanne, ni mi kaka yako. Nifungulie, huku kunaunguza.

"Si yeye," Massoudi humwambia. "Kilikuja bila jina, kikajipatia."

Mwanne anataka kumwamini. Kila siku hulia, na kila siku hubonyeza Ngoja.

Leo hodi imepigwa saa ile ile, kwa jina lile lile. Kitufe cha Ngoja hakipo.