Theluji Haba ya Smørskåla

Borghild Stavdal alikuwa amekata kona tatu tu kwa ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, kwenye mteremko wa Smørskåla pale theluji ilipopasuka juu yake. Haikupiga kelele nyingi. Mstari mwembamba ulitokea karibu na ukingo, ukakimbia kushoto na kulia, kisha upande mzima wa kulia wa mteremko ukaanza kushuka, taratibu kwanza, halafu kwa kasi, ukikatika mapande mapande. Maiken, mke wa mwanawe, alikuwa amesimama juu kwenye mwamba akisubiri zamu yake. Alimwona mama mkwe wake akijaribu kukimbilia pembeni, akaona ski moja ikiruka hewani, akaona koti jekundu likizama, likaibuka, likazama. Chini kabisa, pale kijito kinapopita kwenye mfereji, theluji ilijirundika ikasimama. Koti halikuibuka tena.

Mtu asiye wa huku Norwe atauliza walikuwa wanatafuta nini pale. Smørskåla maana yake ni bakuli la siagi, kwa kuwa zamani ng'ombe walilishwa huko wakati wa kiangazi na maziwa yao yalikuwa na mafuta mengi. Ni bonde dogo la mviringo lililojificha chini ya kilele, na chini ya theluji yake kuna nyasi laini, si mawe. Kuanzia Januari hakuna mtu wa bonde letu anayetia mguu huko, maana hata watoto wa shule wanajua kwamba linaporomosha theluji. Ila Novemba ni mambo mengine. Novemba milima yetu ni mawe matupu yaliyonyunyiziwa unga mweupe, na mahali pekee penye theluji ya kutosha kubeba ski ni pale upepo ulipoirundika, yaani huko huko Smørskåla. Basi watu wale wale wanaopaogopa majira yote ya baridi ndio wanaopakimbilia kwanza, wakisema theluji bado haba, hakuna cha kuporomoka. Tunasema hivyo kila mwaka na kila mwaka tunarudi salama, na kosa linazidi kuota mizizi.

Borghild alikuwa na miaka sitini na kitu, na kwa muda mrefu ndiye aliyewaongoza watu wa kujitolea wanaokwenda kuwatoa wenzao mlimani. Ulimi wake ulikuwa mkali. Kijana wa mjini akifukuliwa mahali, kesho yake Borghild atasema mbele za watu kwamba mlima huwa unabisha hodi kabla ya kuingia, na asiyesikia hodi asilaumu mgeni. Watu walimpenda na walimkwepa. Maiken alikuja bondeni kwa ndoa, akitokea Denmark, nchi tambarare ambayo Borghild alisema watu wake hupanda ngazi ya kubadilishia taa ili waone mandhari. Mumewe Jostein alikuwa baharini na meli, kwa hiyo Jumamosi ile walitoka wawili tu, mama mtu na mkwe wake. Ski Maiken alifundishwa na Borghild mwenyewe. Jikoni walibishana kila siku, juu ya chumvi, juu ya dirisha kufunguliwa, juu ya malezi. Mlimani Maiken hakuwahi kumpinga hata mara moja.

Na mlima ulikuwa umebisha hodi. Oktoba ilileta theluji nyembamba, kisha zikafuata wiki za anga safi na baridi kali, na ile theluji ya chini ikaoza ikawa punje zisizoshikana, kama sukari. Katikati ya juma ikaja tufani ya kusini magharibi na kulaza juu yake tabaka zito, gumu. Asubuhi, walipokuwa wakipita tambarare iliyo chini ya bakuli, ardhi iliguna chini yao, sauti nzito kama ya mtu mnene anapokaa kwenye godoro, na theluji ikadidimia kidogo pande zote. Maiken alisimama.

“Mama, umesikia hiyo?”

“Nimesikia. Theluji inajiweka sawa.”

“Si ulitufundisha kwamba ikiguna hivyo—”

“Nilifundisha habari za Februari. Hii Novemba, mwanangu. Chomeka fimbo yako hapo, si unagusa nyasi? Nyinyi wa Denmark hata barafu ya kwenye friji mnaikimbia.”

Maiken alicheka, wakaendelea. Kanuni moja tu Borghild hakuiacha siku ile: kwenye mteremko hushuka mmoja mmoja, mwingine anabaki mahali salama akiangalia. Kama si kanuni hiyo wangezikwa wote wawili, na hadithi hii ingekuwa fupi.

Juu ya mwamba Maiken aliita jina la mama mkwe mara moja. Hakujibiwa. Hofu ilimshika. Hata hivyo kabla ya kushuka aliinua macho, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, akaona kwamba upande wa kushoto wa bakuli haukukatika. Ulikuwa bado unaning'inia pale, mweupe, mtulivu.

Kila anayekwenda milimani kwetu hufunga kifuani redio ndogo inayotoa mlio usiosikika kwa sikio. Mmoja akizikwa, mwenzake hugeuza ya kwake isikilize, na namba kwenye kioo humwambia yuko umbali gani. Ya Maiken ilikuwa imelala kwenye droo tangu Pasaka, na vidole vyake vilikuwa vimelala nayo. Alibonyeza pasipofaa. Akabonyeza tena pasipofaa. Akavua glavu, akajilazimisha kupumua, na mara ya tatu redio ikanasa mlio wa Borghild.

Alishuka kwenye njia ya poromoko lenyewe, ski zikikwaruza nyasi na mawe, kwa maana theluji yote ilikuwa imekwenda mpaka udongo ukabaki wazi. Aliipita fimbo ya Borghild. Namba zilikuwa zinapungua, na kwenye rundo la mferejini akavua ski, akapiga magoti, akaishusha redio mpaka ikagusa theluji. Akaisogeza huku na huku hadi namba ikakataa kushuka zaidi. Akaunga fimbo ndefu ya kuchunguzia, akaichoma chini. Udongo. Akaichoma tena kando kidogo. Jiwe. Mara iliyofuata fimbo iligonga kitu kilichosukuma mkono wake kurudi, polepole, kama nyama.

Aliiacha fimbo imesimama, akaanza kuchimba kutokea upande wa chini wa mteremko. Theluji iliyoporomoka huganda kama saruji. Beleshi lilikuwa linadunda. “Nakuja, Mama. Nakuja,” alisema, ingawa hakuna aliyesikia. Kwanza ilionekana glavu. Halafu suka la nywele za mvi. Halafu uso, na midomo ilikuwa ya bluu, na kinywa kimejaa theluji. Aliitoa kwa kidole. Hakuna pumzi iliyotoka. Akaweka kinywa chake juu ya kile kinywa baridi akapuliza, akapuliza tena, na baada ya kitambo Borghild akakohoa na kuvuta hewa kwa mkoromo mrefu.

Maiken alilia kwa sauti, bila aibu, huku akiendelea kuchimba, kwa kuwa kifua cha Borghild kilikuwa bado kimebanwa na theluji, na machozi hayachimbi.

“Jostein yuko wapi?” Borghild aliuliza hatimaye.

“Yuko baharini. Tuko mimi na wewe.”

“Ah. Ndiyo.” Alifumba macho, akayafumbua. “Mguu.”

Mguu wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali pasipo na kiungo. Poromoko la Novemba hubeba mawe, na mojawapo lilikuwa limempata. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile aliyevunjika guu alikuwa mkuu mwenyewe.

Ndani ya bakuli simu haikushika mtandao. Borghild, meno yakigongana, alianza kutoa amri kama kawaida yake: Maiken apande kwenye bega la mlima, apige simu, ndipo arudi. Maiken alitazama tena juu, upande wa kushoto.

“Nakutoa hapa kwanza.”

“Utanivunja na mguu wa pili. Nenda kapige simu.”

“Upande ule bado unaning'inia, Mama. Ukija, unakuja humu humu. Sikuachi kwenye mfereji.”

“Maiken, mimi kazi hii nimeifanya miaka—”

“Najua. Leo nyamaza.”

Hakuna hata mmoja wao aliyelitazamia neno hilo. Borghild akanyamaza kweli.

Maiken alifunga mguu kwa fimbo mbili na mikanda ya mkoba. Akatandaza mfuko wa upepo, ule mfuko mkubwa ambao watu wawili huweza kukaa ndani wakati wa tufani, akamwingiza Borghild na kuanza kumburuta kinyumenyume. Alivuta, akapumzika, akavuta. Kila mvuto Borghild aliuma glavu yake, na mara mbili alipiga yowe. Kutoka mferejini hadi kwenye kilima kidogo chenye ukuta wa mawe wa zizi la zamani si mbali, kiangazi ungefika kabla hujamaliza kula tufaha. Wao walipofika mchana ulikuwa umekwisha na theluji ilikuwa inageuka kijivu. Maiken alimkalisha nyuma ya ukuta, juu ya mikoba, akamvisha koti lake la akiba, akamnywesha kidogo kidogo maji ya moto ya zabibu nyeusi kutoka kwenye chupa ya chai. Alimwonya asilale. Akamwambia ataje majina ya wanafunzi wote wa shule aliyosoma, kuanzia darasa la kwanza.

Kisha alipanda. Hakufuata theluji, alifuata ukingo wa mawe uliofagiwa na upepo, ingawa ulikuwa mrefu zaidi na viatu vya ski viliteleza kila hatua. Kwenye bega la mlima simu ilishika. Sauti ya kituo cha uokoaji upande wa pili ilikuwa tulivu na yenye heshima. Ikamweleza kwamba helikopta haiwezi kuvuka kwa sababu ya mawingu, lakini watu wa bondeni wanatoka sasa hivi kwa miguu na machela ya kuburuta.

Alikuwa katikati ya kurudi aliposikia ngurumo fupi, halafu upepo wa baridi ukampiga usoni. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka. Maiken alikimbia, taa ya kichwani ikirukaruka, na alipofika akauona ukuta, na mfuko, na uso wa Borghild ukimtazama. Alimulika kwa taa kule mferejini. Mfereji ulikuwa umejaa hadi ukingo, sawasawa, na lile shimo alilolichimba halikuwepo.

Aliingia ndani ya mfuko, wakakumbatiana kama watu wanaogombea blanketi moja.

“Ningekuwa mle,” Borghild alisema.

“Ndiyo.”

“Pale chini, ulipouliza kama nimesikia. Nilijua unachotaka kusema. Nikakutania makusudi ili usikiseme.”

“Na mimi nilicheka makusudi,” Maiken alisema, “ili nisikiseme.”

Borghild aliutafuta mkono wake gizani, akaushika. Alisema anaogopa. Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, na Maiken alimjibu kwamba yeye pia anaogopa, na kwamba anampenda, na sasa aendelee na darasa la nne.

Taa zilitokea jioni, tano, zikipanda kwa msululu. Walikuwa majirani. Aliyewaongoza alikuwa Sindre Hjelle, ambaye kufunga fundo, kusoma mlima na kutukana kwa Kinorwe safi alifundishwa na Borghild. Walimpa dawa ya maumivu, wakamlaza kwenye machela, wakamfunika. Ndipo Sindre, akiangalia glavu zake, akasema kwamba samahani, anapaswa kuuliza ili aandike taarifa, kama mama mwenyewe anavyojua: nani alichagua mteremko huu?

Maiken alifungua kinywa aseme ni sisi. Borghild alitoa mkono nje ya blanketi.

“Mimi. Yeye alisikia mlima ukiguna, nikamnyamazisha. Halafu akanifukua. Uwaambie watu hivyo hivyo.”

Mmoja wa vijana alianza kukaza mikanda ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Sindre aligeuka kulitazama bonde. Njia fupi ya kushukia ilipita chini ya sehemu ya theluji iliyobaki, na ile nyingine ilizunguka mbali kwenye mawe, kazi ngumu kwa machela. Aliuliza washukie wapi. Na kwa mazoea ya miaka, vichwa vyote vitano vikageukia kwenye machela kusubiri jibu.

Borghild alikuwa amefumba macho.

“Muulizeni Maiken,” alisema.

Maiken alisema washukie kwenye mawe. Wakainua machela mabegani, wakashukia kwenye mawe.