Kadi ya Bibi Tabu

Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri, Bibi Tabu alifagia uwanja wake pale Bungu, kisha akamwita mjukuu wake Nasma wanywe chai. Nasma alikuwa darasa la sita. Tangu Babu Kondo afariki walibaki wawili, na kila kitu nyumbani kilikuwa na hadithi yake. Mlango wa ghala, kwa mfano, Babu aliung'oa kijijini kwao Maparoni mafuriko yalipowahamisha.

"Wenzake wamebeba magodoro, yeye kabeba mlango!" Bibi alizoea kusema, akicheka huku macho yakimlowa.

Asubuhi hiyo alikuwa na jambo. "Mke mwenzangu, kesho twende Kibiti. Mwaka huu chama cha ushirika hakilipi korosho mkononi, mpaka uwe na akaunti benki. Wanataka barua ya mtendaji, picha ndogo na kitambulisho cha taifa. Korosho za babu yako hizo, ndizo sare yako ya shule."

Nasma alikiweka kikombe chini. Kitambulisho hakikuwemo sandukuni mwa Bibi. Juzi alikichukua kimya kimya akacheze benki na rafiki yake Yasmin, nyuma ya jiko la zamani la shule. Ufa wa ukuta ndio uliokuwa mashine ya kutolea fedha. Aliisukuma kadi, ikateleza ndani ya tundu la tofali, isirudi. Walichokonoa na kijiti mpaka kengele ikalia, nayo kadi ikazidi kuzama ukutani.

"Mashine imemeza!" Yasmin alicheka mpaka akakaa chini.

Mchana, Nasma alipomweleza habari ya Kibiti, Yasmin hakucheka tena. "Sema panya," alimnong'oneza. "Panya wa kwenu wanajulikana."

Alasiri Bibi alifungua sanduku. Akatoa kanga, akatoa kofia ya Babu, akaikung'uta na kuinusa. Akapekua tena tangu mwanzo.

"Nilikiweka hapa mwenyewe," alisema polepole. "Basi sasa hata akili inaniacha, kama babu yako alivyoniacha."

Nasma alikuwa na panya wake tayari mdomoni. Akammeza.

"Bibi, akili yako nzima. Ni mimi." Akasema yote, tangu sandukuni mpaka ukutani, hata panya wa Yasmin, machozi yakimtoka.

Bibi alivuta tasbihi yake punje chache. Kisha akainuka. "Nifuate."

Akaufunga mlango wa ghala wakiwa ndani, akafungua dirisha. Nyuma ya ubao wa mlango palikuwa na maandishi ya kisu: majina ya watoto na siku walizozaliwa, na chini yake namba ndefu.

"Mafuriko ya kwanza yalichukua makaratasi yetu yote. Tangu hapo kila cha maana babu yako alikichonga hapa. Hiyo ndefu ni namba ya kitambulisho changu. Nakili, mimi sioni."

Sasa Nasma akajua kwa nini Babu alibeba mlango. Alinakili, akahakiki mara tatu, kidole kikipita pale kilipopita kisu cha Babu.

Kesho yake, karani wa benki, Ridhiwani, aliwaamkia. "Shikamoo bibi. Kadi iko wapi?"

Bibi alimtazama Nasma. Nasma akaeleza mwenyewe.

"Namba itatosha, ikiwa kidole kitakubaliana nayo," alisema karani.

Kwenye mashine ya alama za vidole, dole gumba lilikataa mara mbili; utomvu wa korosho ulikuwa umeilamba alama yake. Kidole cha shahada kikakubali. Picha ya Bibi ya siku alipojiandikisha ikatokea kwenye kioo cha kompyuta, mashavu bado yamejaa.

"Siku hiyo babu yako alinisubiri nje, kashika kapu langu," Bibi alisema taratibu, kisha akabonyeza kidole kwenye fomu.

Njiani alimshika Nasma mkono. "Ungesema panya, leo ningekuwa nyumbani natega mtego, namba iko mlangoni na mimi sikumbuki. Ulipokiri ndipo nikaacha kutafuta sandukuni. Kitambulisho cha mtu hakichezewi, wala hakichukuliwi bila yeye kujua. Na ukikosea, sema mapema, Mungu akuonyeshe njia wakati ingalipo. Kesho tunakwenda polisi kutoa taarifa ya kadi iliyopotea, nipate nyingine."

"Mimi nitasemaje, Bibi?"

"Sema mashine imemeza," Bibi alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu jana wakacheka wote wawili.