Mlango Uliomkataa Hyacinthe

Pale Kavimvira, kwenye ofisi ya kupokea mizigo inayovuka kutoka Bujumbura, watu hukanyagana miguu hata mtu asijue amlaumu nani. Gikundiro alikuwa ameshavumilia yote hayo na kufika mezani, gauni lake la kitenge cha manjano bado limenyooka, lakini karani hakutaka kumpa mzigo wake. Alikuwa amekishika kitu cheusi chenye kioo na tarakimu, anakigeuzageuza.

"Mademoiselle, hii ni kamera. Kamera inaombaka karatasi ingine."

"Haiko kamera! Kaka yangu iko Canada, njo ametuma. Ni serrure ya mulango."

"Serrure bila tundu ya ufunguo? Weye unanicheka?"

Mtu mmoja nyuma yake akacheka kweli. Gikundiro aligeuka akiwa tayari kugomba, akakutana na kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na alama ya chaki kwenye suruali.

"Anasema kweli, papa," kijana akamwambia karani. "Ni kitasa ya kisasa. Unabonyeza kode, inafunguka. Inaongeaka na telefone kupitia rezo, ile Wi-Fi ya nyumba."

Karani aliguna, akausukuma mzigo. Nje, kwenye vumbi na honi za pikipiki, Gikundiro alimtazama mwokozi wake kuanzia viatu mpaka nywele.

"Na kuiweka ku mulango, unajua?"

"Minye ni prof wa informatique, mambo ya kompyuta. Hyacinthe. Hiyo ni kazi ya dakika tano."

Mwanamume akitamka dakika tano mbele ya gauni la manjano, msimwamini hata kidogo.

Nyumba ya Mama Étienne, mama yake Gikundiro, ilikuwa mtaa wa Kimanga, imeelekea ziwa. Mama huyo alikuwa mjane, mtu wa Mulenge aliyeshuka mlimani zamani, na Étienne, mwanawe wa kwanza, alikituma kitasa ili awe anajua kutoka huko Canada kama mama yake amefunga mlango. Kukifunga kwenye ubao hakukuwa taabu. Taabu ilikuwa kukiunganisha na rezo. Taa yake ndogo iliwaka, ikapepesa, ikazimika. Hyacinthe aliisogeza modemu mpaka juu ya kigoda karibu na kizingiti. Alibadili jina la rezo, akabadili neno la siri, akazima na kuwasha.

"Inaiona?" Gikundiro aliuliza.

"Inaiona. Inakatala tu kushikana nayo."

"Ni sawa na weye na mama za wanafunzi benye kukutaka."

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Mama Étienne alizoea kumwekea bugali na mikeke ya kukaanga, samaki wa ziwani, wala hakuuliza tena habari ya kitasa. Siku moja Gikundiro alichuchumaa karibu naye mlangoni, harufu ya sabuni ya famasi anakofanya kazi bado ikiwa mikononi mwake.

"Prof, dakika tano ya kwenu Katogota inachukuaka mwezi?"

"Giki, serrure ikiitika leo, samedi nitakuya kufanya nini hapa?"

"Kumbe unaiharibu makusudi!"

"Hapana. Naapa siijui shida yake. Lakini siichukie."

Gikundiro alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, wakatazamana, na hapo kila mmoja akajua alichokuwa anakijua tangu Kavimvira. Walipendana. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Kwa kuwa rezo ilikataa, Hyacinthe aliamua kitasa kifanye kazi peke yake, kila kitu kikiwekwa kwa mkono kupitia telefone. Telefone iliuliza: saa ya mji gani? Wakati huohuo alikuwa amejibana kidole kwenye mlango, na Gikundiro alikuwa amekishika kile kidole anakipulizia. Hyacinthe alibonyeza jina la kwanza aliloliona chini ya Kongo, jina lililo kwenye karatasi zote za shule: Kinshasa. Nani angeendelea kusoma orodha wakati anapuliziwa kidole?

Kitasa kikaanza kazi. Kila mtu alipewa kode yake, na ya mgeni ikawa na saa yake ya kuanza na ya kwisha. Mama Arakaza, anayekuja kufua kila Jumamosi, alipewa ya kuanzia saa moja asubuhi. Na Hyacinthe alipotangaza kwamba ataleta baba yake mdogo kuja kuposa, Gikundiro alimtengenezea na yeye ya kwake, ya kuanzia saa kumi alasiri.

"Siku hiyo usigonge," alimwambia kwenye simu. "Mugeni njo anagongaka. Weye, saa kumi, bonyeza uingie sawa na mutoto ya nyumba."

"Na wajomba zako ya Mulenge?"

"Mama ameisha kukubali. Nataka nao bakuone unaingia vile."

Jambo hilo halikuwa dogo. Kwao Hyacinthe ni Katogota, bondeni. Kwao Gikundiro ni mlimani, na watu wa bonde na wa mlima hawaaminiani. Majirani wa pande zote mbili walikuwa wameshasema mengi, na Baba Anastase, huyo baba mdogo aliyemlea Hyacinthe tangu utoto, alikubali kuja baada ya kubembelezwa sana. "Mara moja tu," alisema. "Bakinirudisha, sitaenda tena."

Siku ilifika. Gikundiro alifungiwa chumba cha nyuma, kama inavyotakiwa: binti haonekani mpaka aitwe. Tantine Nyirabagenzi, dada wa marehemu baba yake, alimpokonya hata simu akaizima na kuitia kwenye mkoba. "Binti wa kuposwa hapige-pige telefone," alisema. Sebuleni wajomba walikunywa maziwa na kucheka kwa sauti, na redio iliimba nyimbo za kanisa.

Saa kumi kamili, Hyacinthe alisimama mlangoni ndani ya suti ya bluu. Baba Anastase alikuwa nyuma yake na koti la kahawia na kofia ya sikukuu. Hyacinthe alibonyeza kode. Taa nyekundu. Akabonyeza tena, polepole. Nyekundu. Mara ya tatu kitasa kilipiga kelele kama kimekamata mwizi, lakini ndani redio ilizimeza, na jirani mmoja tu akachungulia. Alipiga simu ya Gikundiro: imezimwa.

"Baba mudogo, ngoja nigonge."

"Usigonge!" Baba Anastase alisikiliza vicheko vya ndani, uso umekauka. "Muntu anakupa kode, kode inakatala. Telefone anazima. Ndani banacheka. Unataka bakuambie na mudomo gani ingine? Twende."

Hyacinthe alitazama ile taa mpaka macho yakamwuma. Akaenda.

Ndani, mikeke ilipoa na wajomba wakaanza kutazama saa. Saa kumi na moja ilikuwa imepita na jua limeshainama juu ya milima Tantine alipomfungulia Gikundiro chumba na kumrudishia simu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukimbilia mlangoni, akatoka nje na kubonyeza kode ya Hyacinthe mwenyewe. Taa ya kijani. Mlango ukafunguka bila ubishi.

Basi. Hakuja. Gikundiro alikaa chini pale pale na gauni lake la posa, akalia.

Walizungumza kesho yake, ikawa afadhali wasingezungumza.

"Aksanti kwa mulango," Hyacinthe alisema.

"Mulango gani? Weye hukukuya!"

"Nilikuya na baba mudogo. Ulibadilisha kode."

"Nimeijaribu na mikono yangu, inafungula! Juu ya nini unaniongopea, Hyacinthe? Ungesema tu unaogopa."

"Minye ninaongopa? Eh, Gikundiro. Lala salama."

Ilikuwa mchana kweupe alipomwambia alale salama. Baada ya hapo Hyacinthe hakupokea tena simu zake.

Jumamosi Gikundiro hakwenda famasi. Macho yalikuwa yamemvimba, na alitoka asubuhi kufagia mbele ya nyumba ili mama yake asimwone. Akamkuta Mama Arakaza amekaa kwenye ngazi, beseni pajani, anatoa maharagwe kwenye maganda.

"Mama Arakaza, mbona huingie?"

"Saa ya mulango haiyafika, binti."

"Kode yako ni ya saa moja. Saa moja imepita."

"Njo balisema. Lakini mulango inaitikaka saa mbili. Kila samedi ninaingoja hapa na maharagwe yangu. Nilizani njo sheria ya nyumba."

Ufagio ulimwanguka Gikundiro mkononi. Aliifungua telefone, akaingia kwenye kitasa, akatafuta mahali pa saa. Neno lilikuwa pale, jeupe kwenye kioo cheusi. Kinshasa.

"Mama Arakaza, niazime telefone yako. Yangu Hyacinthe haipokee."

Hyacinthe aliitikia namba asiyoijua. "Allo?"

"Prof, usikate. Jibu tu. Sasa hivi Kinshasa ni saa ngapi?"

"Giki, tafazali..."

"Saa ngapi?"

"Kinshasa banatufuata na saa moja. Hapa ni saa mbili, kule ni saa moja ya..." Gikundiro akamsikia anajipiga paji la uso. "Mungu wangu. Ile siku ya kidole."

"Ile siku ya kidole."

"Ni minye! Minye mwenyewe nilipeleka mulango yenu Kinshasa! Saa kumi yetu, kwake ilikuwa saa tisa! Na nilisema ulibadilisha kode."

"Na minye nilikuita muoga. Hyacinthe, ulikuya kweli?"

"Na suti ya bluu. Nilisimama pale hata aibu ikanimaliza. Chérie, nisamehe."

Gikundiro alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Nimekusamehe. Sasa niambie tunaitengeneza namna gani."

"Shuka mu orodha. Tafuta Lubumbashi. Saa yao njo yetu."

"Lubumbashi. Nimeona. Na rezo?"

"Mwenzangu wa shule amenielezea. Modemu yenu inatoa rezo mbili na jina moja, moja ya mbio, moja ya polepole. Serrure inajua ile ya polepole tu. Ingia mu modemu, uzime ya mbio, ujaribu tena."

Alifanya, akakosea, akarudia. Taa ilipepesa kwa muda, halafu ikatulia, ya bluu. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Imeitika."

"Kumbe kweli ilikuwa dakika tano," Hyacinthe alisema, na wote wakacheka. Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini baba mudogo ameapa. Hatakanyaga pale tena. Na bila yeye siwezi kukuposa, Giki. Njo baba yangu."

"Mulete mpaka ku barabara tu. Ingine uniachie minye."

Baba Anastase alikuja mpaka barabarani, kwa sababu Hyacinthe alimwomba kwa magoti. Lakini hapo juu ya pikipiki alikaa kama mzigo uliofungwa kamba. Kofia alikuwa ameishusha mpaka kwenye nyusi. Mjomba mmoja alitoka kumwomba radhi, mzee hakushuka. Mama Étienne mwenyewe alitoka, akaeleza habari ya Kinshasa na Lubumbashi. Mzee akasikiliza kwa adabu, hakushuka. Majirani walikuwa wameshatoka wote.

Ndipo mlango ukafunguka tena. Gikundiro alitoka katika mushanana, vazi jeupe la sherehe lililofungwa bega moja, shanga shingoni, miguu mitupu, huku Tantine Nyirabagenzi akimkimbilia nyuma na kupiga kelele, "Rudi! Rudi ndani! Nani amekuita?" Gikundiro alikatiza uwanja, akasimama mbele ya pikipiki na kupiga goti.

Baba Anastase alishtuka. "Binti, kweli, nani amekuita?"

"Hakuna, baba. Siku ile niliketi mu chumba ninangoja kuitwa, na weye ukarudi Katogota na njaa na aibu. Sitangoja tena. Leo ninakuita minye. Mutoto yako ninamupenda, ninamutaka. Shuka, tafazali, bugali itapoa."

Hyacinthe alikuwa amesimama kando, na machozi yalimtoka mbele za watu wala hakuyafuta. Mzee alimtazama binti, akamtazama kijana wake. Alivua kofia, akamkabidhi Hyacinthe, akashuka. Akamwinua Gikundiro kwa mikono yake miwili.

"Mama," alimwambia Mama Étienne, "sisi tulikuya kuposa. Sasa tumeposwa sisi."

Na Hyacinthe, kofia ya baba yake mdogo ikiwa kifuani, alijibu kabla hajaulizwa kwamba amekubali.