Dodoso la Majina Manne

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu katika mji wa Sohag, hakuna anayekula mezani. Mke wangu Inshirah hutandika shuka nyeupe juu ya meza. Humlaza hapo mwanasesere wa plastiki, kisha huniambia kwa jina la mwanetu, "Baba Wagih, shika simu vizuri. Usinikate kichwa kama wiki jana." Mimi hupiga picha. Yeye hufundisha.

Inshirah alikuwa muuguzi wa watoto wachanga kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu akaanza kufundisha kwa njia ya mtandao namna ya kumtunza mtoto aliyezaliwa karibuni. Wanafunzi wake ni wanawake hamsini na wawili wa vijijini. Wengine humsikiliza huku mikono imejaa unga. Siku moja mmoja aliuliza, "Mwalimu, mtoto akibadilika rangi midomo, nifanye nini?" Inshirah alimjibu mara tatu, polepole, mpaka akaelewa.

Kozi hiyo inasimamiwa na chama kimoja cha mjini. Miezi sita ilipokwisha, chama kilituletea programu ya dodoso. Dodoso ni maswali ambayo mwanafunzi hujibu kwenye simu, aseme kozi ilikuwaje. Pamoja nayo ilikuja barua. Nusu ya wanafunzi wasipojibu kabla ya Alhamisi saa sita mchana, kozi itafungwa.

"Mimi mambo haya siyawezi," Inshirah akasema.

"Niachie mimi," nikasema.

Mungu anisamehe. Nilikuwa karani wa vizazi na vifo kwa miaka thelathini na mmoja, na nilidhani hakuna fomu inayoweza kunishinda. Programu ilikuja na maswali matano tu, na kitufe kilichoandikwa "ongeza". Maswali matano! Niliona ni mzaha. Nikaongeza jina kamili, majina manne kama ofisini: lako, la baba, la babu na la baba wa babu. Nikaongeza namba ya kitambulisho na namba ya simu. Kote nikaweka alama ya lazima, yaani usipojaza huendi mbele. Nikapanga pia kwamba kila simu ijibu mara moja tu, maana wajanja nimewaona wengi dirishani kwangu. Nilipomaliza, maswali yalikuwa thelathini na manne. Nikayatuma siku ya Ijumaa, kichwa kimevimba kwa fahari.

Jumatatu majibu yalikuwa matatu. Moja lilitoka kwa dada yake Inshirah, ambaye naye ni mwanafunzi. La pili lilitoka kwa binti wa mjomba wake. La tatu lilikuwa langu mwenyewe, nilipokuwa najaribu.

Inshirah akaanza kuwapigia simu wanafunzi wake. Wote walikuwa wapole.

"Leo leo, mwalimu wangu, inshallah."

"Mtandao huku mbovu, mwalimu. Tuombee."

"Kesho, kwa macho yangu yote mawili, bila kukosa!"

Jumanne majibu yalikuwa bado matatu. Jumanne ni siku ya mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, lakini Inshirah hakukanda unga. Alikaa kitandani na shela yake kichwani, kama mtu aliyefiwa.

"Wananichukia, Baba Wagih," alisema. "Wana haya tu ya kuniambia."

"Hawana shukrani hao."

"Usiwatukane. Nimefundisha vibaya. Miezi sita nimeongea na ukuta."

Nilichungulia simu kila baada ya dakika kumi. Tatu. Tatu. Nilimwona mke wangu akimkunja yule mwanasesere ndani ya shuka na kumweka juu ya kabati, na moyo wangu ukavunjika. Kwa kweli maji yalikuwa yamezidi unga.

Jumatano alasiri mlango uligongwa. Alikuwa Nivin, jirani yetu wa ghorofa ya juu, amekuja kurudisha sinia. Nivin anafanya kazi katika chuo kimoja, ofisi inayokusanya maoni ya wanafunzi kuhusu masomo yao. Alimwona Inshirah macho yamevimba.

"Shangazi, nani amekufa?"

"Kozi yangu," Inshirah akasema, akaanza kulia upya. Akamweleza yote.

Nivin akanigeukia mimi. "Ami Bahgat, hebu nionyeshe hilo dodoso."

"Halina kasoro," nikasema. "Kasoro iko kwa hao wanawake."

Inshirah akanikazia macho. "Mficha uchi hazai. Mwonyeshe."

Nivin hakutaka kushika simu yangu. Alitaka nimtumie kiungo kwenye simu yake, aingie kama mwanafunzi. "Ukitaka kujua fomu ikoje, ijaze wewe kwanza kama mgeni," alisema. Akafungua, akasoma, akanitazama.

"Ami, hili ni dodoso au unamfungulia mtu kesi?"

"Jina ni jambo la kawaida!"

"Kwako. Wewe ofisini ulikuwa na mkuu?"

"Nilikuwa naye. Mtu mgumu, Mungu amrehemu."

"Uliwahi kuandika kwamba ni mgumu, ukaweka majina yako manne chini yake?"

Inshirah akasema kwa niaba yangu, "Aliandika barua moja. Bila jina. Akaenda kuiposta mji mwingine, Asyut, ili wasijue imetoka wapi."

Nivin alicheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuelewa, na niliona aibu.

"Basi na hao wanawake ni hivyo hivyo," Nivin akasema. "Kule vijijini mtu anamwita mkewe mama fulani. Jina lake halitaji mbele ya wageni. Wewe unataka aliandike, pamoja na la babu wa watu, alitume asikokujua. Na hata kama hana la kuficha, atamkosoaje mwalimu wake huku jina lake linaonekana? Ataona haya. Kwa hiyo anakuambia mtandao mbovu."

"Na hili la simu moja jibu moja?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imeshuka.

"Shangazi, wanafunzi wako wana simu zao?"

Inshirah akajishika kinywa. "Wapi! Pale kwa Mama Rifaat wanajifunza wanne, wake wa ndugu wanne. Simu ni moja, ya mama mkwe wao."

"Basi akijibu mmoja, watatu wamefungiwa mlango."

"Lakini tukiufungua," nikasema, "mtu anaweza kujibu mara mbili."

"Anaweza, Ami. Kila kitu kina bei yake. Chuoni kwetu kila mwanafunzi ana simu, kwa hiyo tunafunga. Hapa hatari yako si wajanja. Hatari yako ni kimya."

Tukakaa mezani, sisi watatu. Nivin hakugusa kitu. Alinielekeza, nikabonyeza mwenyewe. Nilifuta majina manne. Nilifuta kitambulisho na namba ya simu. Nilirudi kwenye maswali matano ya mwanzo, kwa sababu, alisema Nivin, uliza tu lile ambalo jibu lake utalifanyia kazi. Kwenye mipangilio nikawasha kufichwa kwa majina. Nikaruhusu simu moja ijibu mara nyingi, na majibu yafutike kwenye simu yakishatumwa, ili mwenye simu asiyasome. Palikuwa na alama kutoka moja mpaka tano. Pembeni mwa kila namba tukaandika maneno, kuanzia "haikunisaidia" mpaka "imenisaidia sana", mtu asibahatishe. Mwisho tukaongeza sauti, ili anayesoma kwa shida abonyeze asomewe swali.

"Sasa nitume?" nikauliza.

"Bado. Shangazi ajibu kwa simu yako, mara mbili. Tuone kama inakubali, na kama jina linatokea." Ilikubali. Jina halikutokea. Tukafuta majibu ya majaribio, pamoja na lile langu la mwanzo, na juu kabisa tukaandika: Hatuulizi jina lako. Hakuna atakayejua ni wewe.

Tulituma kabla ya jua kuzama. Inshirah hakuwa na matumaini. "Haijabaki hata siku nzima," alisema. "Watakuwa wameshanisahau."

Alhamisi saa mbili asubuhi yalikuwa majibu tisa. Saa nne yalikuwa kumi na manane. Inshirah alikaa karibu nami, ameushika mkono wangu kwa nguvu. Saa sita kasoro robo yalifika ishirini na sita, nusu kamili. Saa sita ilipogonga yalikuwa thelathini na moja. Kozi ilikuwa imepona. Nilitaka kushangilia, lakini yeye alikuwa ameshaanza kusoma.

Mengi yalimsifu. Manne yalisema anaongea haraka. Matatu yalisema picha inatikisika, na hilo ni langu.

Kisha akafika kwenye moja, akaacha kusoma. Swali lilikuwa: Kozi hii iboreshwe vipi? Mtu alikuwa ameandika: "Mngeanza mwaka jana. Mwanangu wa kwanza alibadilika rangi midomo, nikamfunika blanketi nikidhani ni baridi, kumbe alikuwa anakosa pumzi. Sijamwambia mtu. Wa pili yuko hapa ananyonya."

Inshirah aliweka simu chini, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akilia hivyo, hata wiki ile yote.

Nami, karani wa vizazi na vifo, mkono ulinitangulia. Niliichukua simu nikatafuta ameandika nani.

"Baba Wagih," mke wangu akasema. "Acha."

Nikaiacha. Jumamosi alianza kozi mpya, na somo la kwanza lilikuwa la midomo kubadilika rangi.