Nani Alifungua Kapu la Maharagwe?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, chumba chetu kilinuka makaa na maharagwe. Tulikuwa wasichana watatu tuliopanga pamoja karibu na shule kwa sababu kwetu ni mbali. Mimi waliniita Pilipili, na sina haja ya kueleza kwa nini. Wa pili alikuwa Bi Usafi, kiranja wa afya, ambaye hakuweza kupita karibu na kikombe bila kukinusa. Wa tatu, mdogo kuliko sisi, tulimwita Kadogo. Tulipika kwa zamu na kula sufuria moja, na kilichotuwezesha kushiba bila kumaliza gunia la makaa ni kapu la mama yangu.

Lilikuwa kapu kubwa lililojazwa vipande vya nguo. Usiku tuliloweka maharagwe. Asubuhi tulimwaga maji yale, tukatia mengine na kuyachemsha kwa moto mkali muda wote tuliokuwa tunafagia, tunaoga na kuvaa. Kisha tulifunika sufuria, tukaizamisha katikati ya vitambaa, tukalifunga kapu kwa blanketi kuukuu na kwenda zetu shule. Joto lililofungiwa humo liliyaivisha polepole bila kaa hata moja. Jioni tuliyaunga kwa kitunguu na nyanya, tukayachemsha tena, tukapika wali, tukala mpaka tukajilamba vidole. Sharti lilikuwa moja tu: kapu halifunguliwi mpaka jioni, wote tukiwapo.

Siku ya mkasa, zamu ya kuchemsha ilikuwa yangu. Jioni nilichelewa shuleni kwa kufagia darasa, na niliporudi niliwakuta wenzangu hawakuningoja: Bi Usafi ameshafungua kapu na kupakua bila kuyachemsha tena. Nilitia kijiko mdomoni, maharagwe yakagonga meno. Nikaigusa sufuria. Kwa kawaida huwezi kuishika bila kitambaa, lakini siku hiyo ilikuwa vuguvugu. Nikawaambia tuyarudishe jikoni. Bi Usafi akasema makaa yameshazimika, na kwamba maharagwe ya kwetu ni ya zamani, ndiyo maana ni magumu. Kadogo alikuwa keshamaliza sahani yake. Njaa ilinishinda, nami nikala.

Kulipopambazuka tulikuwa tunagombania choo. Sote tuliumwa, lakini Kadogo alizidiwa, akawa hawezi hata kusimama. Mama mwenye nyumba, fundi cherehani aliyeshona nguo barazani, alimbeba mgongoni mpaka zahanati, nasi tukafuata nyuma. Muuguzi aliuliza tulikula nini, kisha akasema maharagwe yale hayakuiva, na kwamba maharagwe mabichi huchafua tumbo vibaya sana. Alimpa Kadogo dawa ya kurudisha maji mwilini, akamlaza mpaka alasiri.

Tuliporudi nyumbani, Bi Usafi alisimama mbele ya mama mwenye nyumba, mkono mmoja tumboni, sura imejaa huruma.

"Mama, chakula gani kinapikwa kwenye matambara?" alisema. "Kwao Pilipili labda ndivyo wanavyokula. Sisi hatujazoea uchafu."

Kwao! Mama yangu ametulea kwa kapu hilo tangu tukiwa wachanga, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulazwa kwa sababu yake. Hasira ilinifanya nishindwe kujitetea, na hilo likaonekana kama kukubali.

Mama mwenye nyumba alimkata Bi Usafi kauli kuhusu hayo matambara. Ni yeye aliyetupatia vile vipande kutoka kwenye mabaki ya ushonaji wake, tena alivifua kwanza. Hata hivyo, alisema mtoto wa watu amenusurika chini ya paa lake, na hawezi kungoja wa pili aumie. Mwisho wa juma kapu litoke, na mimi mwenye kapu nitoke nalo.

Nilijua maana yake. Bila chumba hakuna shule, kwa kuwa kutoka kwetu hakuna anayeweza kwenda na kurudi kila siku. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, na sikulia kwa huzuni. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeonewa na sikuwa na pa kuanzia.

Machozi yalipokauka nikaanza kufikiri. Maharagwe niliyachemsha mwenyewe. Mfuniko ulicheza juu ya sufuria muda wote niliokuwa namsuka Kadogo nywele, na yeye alishuhudia. Moto haukuwa na kosa. Sufuria iliyofungwa vile haipoi yenyewe mpaka jioni. Lazima mtu aliifungua mchana.

Nilimfuata mama mwenye nyumba kwenye cherehani yake.

"Mama, nipe siku moja tu," nilimwomba. "Kesho nitachemsha mbele yako, nitafunga kapu mbele yako, na ufunguo wa chumba ukae nao wewe. Jioni yakiwa mabichi, nitaondoka bila kunung'unika."

Alikata uzi kwa meno, akanitazama, akakubali. Bi Usafi alicheka, akasema tunaharibu maharagwe bure.

Kesho yake nilifanya kila kitu kama mama alivyonifundisha. Mama mwenye nyumba alisimama pembeni tangu maji yalipoanza kutokota mpaka nilipokaza fundo la blanketi. Akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Kadogo, ambaye bado alikuwa dhaifu, alibaki naye barazani, amejilaza kwenye mkeka.

Jioni tulikusanyika wote chumbani, Kadogo amelala kwenye mkeka. Nikafungua fundo. Niligusa sufuria, ikaniunguza vidole, na kwa mara ya kwanza nikafurahia kuungua. Mvuke ulitupiga usoni. Mama mwenye nyumba alichota haragwe moja kwa kijiko, akalibonyeza, likapondeka pale pale. Kisha akageuka.

"Bi Usafi, leo saa ya uji ulikuja kufuata nini?"

Sikuwa na habari hiyo. Akatueleza kwamba wakati wanafunzi wanakunywa uji shuleni, Bi Usafi alikuja mbio kuomba ufunguo, eti amesahau daftari. Yeye akamwambia amtajie ni daftari gani, aingie mwenyewe kumletea. Bi Usafi akasema basi, haina haja, akaondoka.

Kadogo akainuka kwa kiwiko. "Hata juzi, siku tuliyokula maharagwe mabichi, alitoka saa ya uji," alisema. "Nilimwona anapita getini. Hanywi uji wa shule, anasema vikombe vichafu."

Bi Usafi alianza kukana, kisha akaketi chini. Akakiri kwamba kwa kuwa alishatangaza kwa wote kuwa hawezi kunywea vikombe vile, aliona aibu kupanga foleni ya uji. Njaa ikimzidi alikuja chumbani, akafungua kapu na kudokoa. Siku nyingine alikuwa anawahi kulifunga vizuri. Siku ile alichelewa, akaacha mfuniko upande na blanketi limelegea, akakimbilia darasani.

"Na leo?" nilimuuliza. "Leo ulitaka nini?"

Aliinamisha kichwa. "Nilitaka yasiive."

Damu ilinichemka kuliko sufuria ile. Alikuwa tayari nifukuzwe, nikose shule, na mama yangu aitwe mchafu, ili yeye asijulikane kuwa mdokozi wa maharagwe. Nilifungua mdomo kumpa vidonge vyake, lakini mama mwenye nyumba akainua mkono.

"Njaa si kosa, mwanangu," alimwambia Bi Usafi. "Ungesema, ungepewa kikombe chako ukakioshe mwenyewe. Kudokoa na kuacha sufuria wazi ni kosa, na ungelikiri, tungekukaripia likaisha. Lakini ulimwona huyu mdogo amelazwa, ukijua chanzo, ukanyamaza. Halafu ukamtwika mwenzako. Unanusa vikombe vya watu wote. Maneno yako mwenyewe huyanusi?"

Mama mwenye nyumba aliniomba radhi, akasema kapu litabaki na mimi nitabaki. Kisha akampa Bi Usafi simu yake ampigie mama yangu na kumweleza yote kwa kinywa chake. Alieleza huku analia, akaomba radhi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia radhi hiyo atuombe Kadogo na mimi, kwa kuwa yeye mama hakuumwa tumbo.

Jioni ile Bi Usafi ndiye aliyechemsha maharagwe tena, akaunga, akapakua. Alimpa Kadogo kwanza, kisha mimi, akajipakulia mwisho. Kesho yake aliondoka kwenda shule na kikombe mkononi. Nilimsamehe yale maharagwe. Lile neno "kwao" lilinichukua muda zaidi.