Koti Asilolivua Jabez

"Vua koti, Jabez. Unatoka jasho kama farasi!"

"Niache, Keziah. Nasikia baridi."

Baridi gani, na tumekaa mbele ya moto? Akamaliza chai yake, akabeba kifurushi chake, akaaga. Kila Jumapili mchana ilikuwa vivyo hivyo, na nikimuuliza aendako, jibu lake moja: "Nina shughuli."

Mlango haujafungwa vizuri, Shangazi Dorcas akanigeukia.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Namwona kila siku, shati lake silijui."

"Sijui, Shangazi."

"Mchumba wako! Mwanamume asiyevua koti ana mke, mwanangu. Shati lile limeshonwa na mkono wa mwanamke mwingine, hataki ulione."

"Jamani, Shangazi!"

"Jamani nini? Leo tangazo la ndoa yenu limesomwa kanisani mara ya pili. Jumapili ijayo ni la mwisho. Usipomfuata, nitasimama mimi nipinge mbele ya watu."

Nikajitupia shali, nikatoka. Mvua ya Batley, mji wetu wa viwanda Uingereza, ilikuwa inamwagika. Nikamfuata kwa mbali, kifurushi kwapani mwake, mpaka akafika kwenye lango la nyumba ya maskini, wanakohifadhiwa wasio na kitu. Nikamkamata mkono.

"Mkeo yumo humo, siyo?"

"Keziah! Rudi nyumbani!"

"Nijibu!"

Nikavuta. Mkono mzima wa koti ukanibakia kiganjani, laini kama mkate uliolowa.

Miaka sita nilikuwa nachambua matambara kiwandani. Tunayasaga, yanafumwa upya, yanauzwa kama sufu ya mabwana. Ukikikwaruza kitambaa hicho kwa kucha, kinatoa vumbi. Mimi mwenyewe kazi yangu, na koti la mpenzi wangu sikuwahi kulikwaruza!

Ndani alivaa shati la mistari ya buluu, na begani muhuri mweusi wa nyumba ile ile. Nguo zao hupigwa muhuri zisiuzwe.

"Nimelelewa humo," akasema, macho chini. "Mama bado yumo, kifurushi hiki ni chake. Anawashonea wenzake mashati. Hili walinipa nilipotoka, ni la mkono wake. Sina jingine."

Kumbe Shangazi alipatia. Ni mkono wa mwanamke mwingine kweli.

"Sasa umeona," akasema. "Nenda kavunje uchumba."

Nikainua pindo la gauni langu, pale pale mvuani.

"Soma."

Akainama. "Unga... safi..."

"Sketi yangu ya ndani ni gunia, Jabez. Nimeifua mara kumi, maandishi hayatoki. Unadhani kwa nini naruka madimbwi nimebana gauni?"

Akacheka huku analia. "Twende ukamwone Mama."

Jumapili ya tatu Jabez alikuja kanisani bila koti, muhuri wazi begani. Watu wakanong'onezana. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Shangazi Dorcas akasimama. Nilikuwa nimemweleza yote, naye akaenda zake kulala.

Akapita katikati ya watu, akavua shali yake, akamfunika Jabez mabega.

"Mwanangu huyu anasikia baridi," akasema. "Endelea, Mchungaji."